Sakafu ya mbao: siki, sabuni, mafuta ya taa au maji matupu? Michirizi imenishinda

MamaGesti_Cheyo
Mwangaluka wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na sakafu za mbao. Wa vigae na sementi najua mpo wengi, leo naomba mnipishe kidogo.

Nina nyumba ya zamani hapa Tabora, upande wa Cheyo, nimeifanya gesti ya vyumba sita. Sebule na vyumba viwili vya mbele vina sakafu ya mbao, mafundi wote waliopita wanasema ni mninga. Ni nzuri, ina wekundu fulani wa kahawia, wageni wanaisifia. Tabu yangu ni kupiga deki. Ikiwa mbichi inang'aa kama kioo, ikikauka tu, michirizi. Na mlango wa sebule unatazama mashariki. Saa moja na nusu asubuhi jua linaingia limelala chini, linaonyesha kila dekio lilikopita, mpaka unaona binti alipogeukia kurudi nyuma. Mgeni anatoka kunywa chai anakuta sakafu kama imelambwa na ng'ombe.

Nimeshajaribu siki, nusu kikombe kwenye ndoo ya lita 10. Siku za mwanzo ilikuwa afadhali, baadaye nikaona kama mng'ao unapungua. Sabuni ya maji ya vyombo, michirizi ile ile. Sabuni ya unga ndiyo mbaya kuliko zote, inaacha ukungu mweupe. Jirani akanishauri nitie kifuniko kimoja cha mafuta ya taa kwenye maji. Inang'aa kweli, sikatai, ila chumba kinanuka kibatari, soksi za wageni zinatoka nyeusi na vumbi linanasa hapo hapo.

Nyie mnatumia nini? Kati ya hivi kipi bora, au kuna kingine?

Kapuku_wa_Isevya
Tandika zulia dada, yaishe.

Usafi_wa_Zamani
Dada, nimefanya usafi hotelini Arusha miaka 11 kabla sijarudi nyumbani, na hotel ile ilikuwa na mbao ghorofa nzima. Nakwambia jambo moja ambalo supavaiza wetu alikuwa anatuimbia kila asubuhi: unachokiona si uchafu, ni sabuni. Maji yanakauka yanaondoka, sabuni haina pa kwenda, inabaki juu ya mbao. Kesho unaongeza nyingine juu yake. Ukijaza ndoo povu ili "itakate", unapaka sakafu koti jipya kila siku.

Sabuni ya unga usiirudie. Imetengenezwa kwa ajili ya nguo zinazosuuzwa maji mawili matatu. Sakafu nani anaisuuza?

Mafuta ya taa yaache leo leo. Ule mng'ao ni utando wa mafuta, unateleza na unakamata vumbi. Halafu ni moto huo, na wewe una wageni, wengine wanavuta.

Sisi tulikuwa na ndoo mbili. Moja ina maji ya vuguvugu na sabuni kijiko kimoja cha chai tu kwa ndoo nzima, nyingine maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kinaingia kwenye sabuni, kinakamuliwa, kinapita sehemu kama ya kitanda cha futi tano hivi, kinasuuzwa kwenye ndoo ya pili, kinakamuliwa tena. Ukikamua kisidondoshe hata tone. Ukipita, mbao ikauke ndani ya dakika moja au mbili. Ukiona maji yamesimama kwenye maungio ya mbao, umeshaharibu. Nyuma yako anakuja mwenzio na kitambaa kikavu, anafuata mbao ilivyolala, si kukata kwa mapana wala kuzungusha.

Na maji ya ndoo ya pili yakibadilika rangi, yamwage. Wasichana wengi wanapiga deki nyumba nzima kwa ndoo moja, mwishoni wanapaka tope jembamba.

SikiTu
Siki haina mpinzani. Mimi nyumbani natumia siki mwaka wa tatu, sijaona mchirizi. Tena inakata na harufu. Dada kakosea kipimo tu, nusu kikombe ni nyingi.

Mwana_Ujiji
Huku kwetu Kigoma bibi alikuwa anapaka mawese kwenye milango na viti vya mbao, vinapendeza hatari. Jaribu kidogo kwenye kitambaa, dada.

FundiRanda
Mwana Ujiji, mawese pika nayo ugali wa muhogo na migebuka, sakafuni usilete. Mawese hayakauki. Utayapaka leo, mwezi ujao bado yananata, vumbi limekaa juu yake na sisimizi wamepewa mwaliko. Kwenye kiti anakaa mtu mmoja, kwenye sakafu wanapita watu na mchanga wa Tabora miguuni. Hata alizeti ni hivyo hivyo. Mafuta yanayokauka yakawa magumu kwenye mbao ni ya kitani, na hayo yana lao: tambara ulilopakia ukilikunja ukalitupa kona, linaweza kushika moto lenyewe bila kiberiti. Litandaze nje likauke kabla ya kulitupa.

Sasa turudi kwa mama wa Cheyo. Mnabishana siki na sabuni, hakuna aliyeuliza sakafu imevaa nini. Hapo ndipo penye jibu. Sakafu ya mbao ama ina vanishi, ama ina nta, ama imepakwa mafuta, ama iko uchi. Kila moja na dawa yake.

Chukua tone la maji, liweke nyuma ya mlango mahali wasipopita watu, na jingine katikati ya njia. Ukae dakika kumi. Likibaki mviringo kama umande kwenye jani la kabichi na ukilifuta halijaacha kitu, hiyo ni vanishi na bado ina uhai. Likiacha baka jeupe, kuna nta. Likinywewa na mbao ikawa nyeusi, hapo hakuna kinga, ama vanishi imekwisha. Halafu kwaruza kwa ukucha. Ukipata utelezi laini chini ya ukucha, ni nta au ni hiyo sabuni yako ya miaka.

Kama ni vanishi: maji kidogo yanatosha, sabuni kiduchu siku ikiwa chafu. Siki ni asidi. Kuitumia mara moja kuondoa utando wa sabuni au wa maji ya chumvi, sawa, vijiko viwili vya chakula kwa lita 4, halafu upite na maji matupu. Kuifanya ya kila siku itakula mng'ao polepole, na ndicho mama alichokiona. SikiTu, yako ukiinama pembeni ya dirisha utaona, wewe hujainama tu.

Kama ni nta: usiweke siki wala maji mengi. Fagio laini, kitambaa karibu kikavu, na kusugua kwa tambara la sufu.

Kama iko uchi, hata malaika ashuke na dekio, michirizi itabaki, kwa sababu mbao inakunywa huku inaacha kule.

SikiTu
Nimeinama. Tuendelee.

Mzee_wa_Reli
Wanangu hamjambo. Nyumba za sakafu ya mbao za huko kwenu nazifahamu, baba alikuwa reli na sisi tulikulia kota. Reli ilifika Tabora 1912, na majumba mengi ya upande ule yalifuata baadaye na mbao za misitu ya hapa hapa.

Zamani hakuna aliyepiga deki sakafu ile. Mama alikuwa anaipaka nta. Nta ya Sikonge, inaletwa na wavuna asali imefungwa kwenye majani, ina masega na nyuki wafu ndani. Inachemshwa kwenye maji, inachujwa kwa kipande cha kaniki, ikipoa inaganda juu kama mkate wa njano. Baadaye anaikata vipande, anaiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kisha anatoa kopo nje kabisa, mbali na jiko, ndipo anatia tapentaini, ile ya kulainishia rangi, kama mara tatu ya ile nta. Tapentaini na moto havikai jirani, kuna mtu kota ya pili aliunguza nyusi zote mbili.

Inapakwa nyembamba sana, inaachwa, jioni inasuguliwa. Kusugua ilikuwa kazi yetu watoto. Mdogo wangu anakaa juu ya blanketi kuukuu, mimi namvuta sebule nzima kwenda na kurudi. Anapiga kelele za garimoshi kila stesheni. Sakafu ile ilikuwa inaonyesha uso wako. Michirizi sijui hata neno lake lilikuwa nini.

MamaGesti_Cheyo
Shikamoo mzee. Umenifanya nicheke peke yangu jikoni.

Fundi, nimeweka matone leo asubuhi. Nyuma ya mlango limekaa mviringo, dakika kumi kamili, nikalifuta likaondoka. Katikati ya chumba pia. Lakini kuanzia mlangoni hadi kaunta, ile njia yenyewe, limenywewa kabla sijamaliza kujibu simu, mbao imekuwa nyeusi.

FundiRanda
Shikamoo na mimi nampelekea mzee. Basi umeshajijibu. Sakafu yako ni ya vanishi, na njiani imeisha. Una sakafu mbili ndani ya chumba kimoja. Ila kabla hujaita fundi, ondoa kwanza sabuni ya zamani, uone kinachobaki.

Usafi_wa_Zamani
Na uangalie maji. Ukitumia ya kisima, tazama ndani ya birika lako la chai. Kama lina ukoko mweupe, ukoko huo huo uko sakafuni kwako. Maji ya mvua ndiyo matamu kuliko yote kwa kazi hii, ila najua kiangazi hiki simtanki hayana kitu.

Usipige deki jua likiwa juu ya mbao. Mbao ikipata moto maji yanakauka kabla hujafuta. Na kufagia kwanza, tena kwa fagio laini, mchanga wetu huu ni msasa.

MamaGesti_Cheyo
Nimerudi na majibu, siku nne baadaye. Nimefanya kama maabara.

Kwanza nimesuuza. Maji ya vuguvugu matupu, hakuna sabuni hata tone, kitambaa kimekamuliwa. Wakuu, ndoo imetoa povu! Maji matupu, povu limejaa mkono. Binti akaniapia hajatia kitu. Nimerudia, povu dogo. Mara ya tatu ndipo maji yakatulia. Miaka miwili ya sabuni ilikuwa inakanyagwa na wageni.

Halafu nimekata sebule vipande vinne kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Cha kwanza maji ya bomba matupu na kitambaa cha maikrofaiba. Cha pili siki vijiko viwili kwa lita 4. Cha tatu sabuni kijiko cha chai na kusuuza kwa ndoo mbili. Cha nne maji ya kisima chetu cha nyuma, matupu. Vyote vimefutwa na kitambaa kikavu, jioni saa kumi na mbili.

Asubuhi nimekaa chini kabisa mlangoni kusubiri jua, mgeni mmoja akadhani nimeanguka. Kisima kina ukungu mweupe, unauona bila kuutafuta. Maji ya bomba na siki siwezi kuvitofautisha, safi kabisa. Sabuni ina mstari mmoja mwembamba, nadhani pale nilipochoka kusuuza. Ile njia ya kwenda kaunta imegoma kwenye vipande vyote ilikopita, kama fundi alivyosema.

Na lile dekio la nyuzi nimelistaafisha. Linabeba maji mengi hata likamuliwe na watu wawili.

SikiTu
Kwa hiyo siki imefaulu.

FundiRanda
Imefaulu sawa na maji ya bure, mkuu.

Mama, sasa hiyo njia. Najua nta ya mzee imekuingia, hata mimi imeniingia. Usiipake hapo. Sakafu yako ni ya vanishi, na ukishaweka nta, siku ukitaka kupaka vanishi haitashika, itabanduka kama ngozi ya nyoka mpaka ukwangue yote. Piga msasa njia nzima, kisha malizia na msasa laini, ondoa vumbi lote, paka vanishi nyembamba mara mbili au tatu, katikati unagusa na msasa laini. Ikiwezekana chumba kizima, la sivyo kiraka kitaonekana. Fanya kabla ya mvua za Novemba, vanishi ya mafuta inachelewa kukauka hewa ikiwa na unyevu.

MamaGesti_Cheyo
Wageni wanakaa nje siku ngapi?

FundiRanda
Soma kopo. Za mafuta mimi naacha usiku mzima kati ya koti na koti, na baada ya la mwisho siku mbili kabla ya kukanyaga kwa soksi. Vitu vizito na mazulia subiri wiki mbili, chini yake panahitaji hewa ili iwe ngumu. Mlangoni weka cha kufutia miguu, ndani na nje, maana mchanga ndio uliokula hiyo ya kwanza.

Mzee_wa_Reli
Nta basi nipakie mlango wangu.

MamaGesti_Cheyo
Haya, vyumba vya mbele navifunga kuanzia Jumatatu. Kapuku, lile zulia ulikuwa unaniuzia au unanipa?

Kapuku_wa_Isevya
Nilikuwa nauza. Ila nimesikia fundi kasema wiki mbili, nitasubiri bei ipande.