Michoro ya kuta za Majengo: inapendezesha mtaa au inatufukuza?

Mjukuu wa Majengo: Wakuu, tujadili hili bila matusi. Mnaujua ule uchochoro wa nyuma ya soko la Majengo hapa Dodoma, kwenye mafundi cherehani na vinyozi. Vijana wamezichora kuta zote: mbuyu, vichala vya zabibu, mama anapiga ngoma ya Kigogo ya muheme, na uso wa mtoto unaojaza ukuta mzima kuanzia msingi hadi kenchi. Sasa watu wanakuja kupiga picha, mgahawa wa kahawa umefunguliwa, na mama yangu mdogo ameambiwa atoe kilemba, yaani hela ya kushikia fremu, na kodi ya mwaka mzima kwa fremu anayoshonea siku zote. Kuuliza kulikoni, jibu ni kwamba mtaa umepanda hadhi. Mimi nasema michoro hii ndiyo inayotuondoa. Mnaonaje?

FundiRangi: Kaka, rangi haipandishi kodi, mwenye nyumba ndiye anapandisha. Sensa ya 2012 jiji hili lilikuwa na watu laki nne na kitu, ya 2022 laki saba na ushee. Hao wote walale wapi? Unamwacha mwenye daftari la kodi unamkamata mwenye brashi! Ule uso wa mtoto tuliuchora watatu, rangi ya maji tulinunua kwa hela yetu, mwenye nyumba alitoa ngazi tu. Leo tangazo lake la chumba lina picha ya mchoro wetu na senti hatujaiona.

Mjukuu wa Majengo: Hapo mwisho umenisaidia hoja. Mchoro wako ndio tangazo lake.

Chilonwa: Mbukwenyi. Mimi kodi hainihusu, nina kwangu Chamwino. Kinachoniuma ni yule mama. Muheme unabanwa mapajani, unapigwa kwa viganja. Ninyi mmempa fimbo mbili kama mpiga ngoma wa gwaride la shule! Wamama wanaopiga muheme wamejaa mkoa huu, hamkumuuliza hata mmoja?

FundiRangi: Mzee wangu, ule si mkono wangu, ni wa jamaa aliyetoka Dar. Lakini sanaa si picha ya pasipoti.

Chilonwa: Usinifundishe sanaa. Ukimchora mpiga gitaa ukamwekea filimbi mdomoni, utaniambia si pasipoti?

Mtumishi Ilazo: Jamani, mnagombania fimbo? Mshukuru mji umechangamka. Kabla hatujahamia palikuwa na nini hapa? Vumbi, na watu wanasubiri treni ipite wauze karanga.

Chilonwa: Rudia hiyo kauli mbele ya mama yangu aliyenisomesha kwa hizo karanga. Mji huu ulitangazwa makao makuu 1973. Ninyi mmeanza kuja baada ya tamko la 2016 la serikali kuhamia huku. Katikati hapo ni wazee wetu waliokuwa wanaambiwa wapishe viwanja vya watu ambao hata hawajafika. Mchoro wa kwanza wa ukutani kuuona maishani mwangu ni X nyekundu ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kwenye nyumba ya baba mkubwa. Hakuna aliyekuja kuipiga picha.

Kijana wa Kikuyu: CDA si ilivunjwa hiyo hiyo 2016, mzee? Yamepita hayo.

Mwalimu Kolo: 2017, mwezi wa tano. Na hayajapita. Hati za CDA zilikuwa za miaka 33, ndipo ikaelekezwa ziwe za 99. Mtu mwenye hati ya 33 hajengi kama mwenye 99, hilo tu linaeleza mengi kuhusu Majengo na Chang'ombe. Na huyo anayesema hapakuwa na kitu, apande gari hadi Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006.

Kijana wa Kikuyu: Kondoa ni kwa Warangi, mwalimu. Sisi tunaongelea Wagogo.

Mwalimu Kolo: Ni nani kasema ni ya Wagogo? Ile myekundu ya zamani ni ya wawindaji, hata Warangi hawajafika. Nasema nchi hii ya kati watu walichora kabla ya Dar kuwa na jina.

Mtumishi Ilazo: Sijamtukana mtu. Mimi nalipa miezi sita mbele, dalali akala mwezi mmoja juu. Mwenye nyumba wangu ni mzawa wa hapa hapa na kapandisha mara mbili. Kwa hiyo wageni tusifanywe mbuzi wa kafara.

Dada Cherehani: Nawasoma tu. Mimi ndiye ninayeshona chini ya huyo mama wa fimbo. Wateja wameongezeka kweli, wanaelekezana "kwa mama wa ngoma". Kodi imeongezeka kuliko wateja. Na sina mkataba wa maandishi, hakuna fremu pale yenye mkataba. Hilo ndilo sijaona mtu akiliuliza.

FundiRangi: Dada, kule Berlin, mtaa wa Kreuzberg, mchoraji anayeitwa Blu aliridhia michoro yake mikubwa ipakwe rangi nyeusi mwaka 2014, wenye ardhi wasije wakaitumia kuuzia ardhi yao.

Mjukuu wa Majengo: Basi pakeni nyeusi hata kesho!

Dada Cherehani: Nyeusi, kwa jua la Dodoma? Ukuta ule unapigwa na jua tangu saa nane, mtanipika na cherehani yangu. Mimi nataka karatasi yenye sahihi, kodi isiguswe miaka miwili.

FundiRangi: Mwenye nyumba ametuita tumchoree na ukuta wa mbele. Nitamwambia hakuna brashi mpaka asaini na nyinyi.

Mjukuu wa Majengo: Atatafuta mwingine.

FundiRangi: Ndiyo maana wachoraji wote tukae pamoja na wapangaji. Jumamosi, kwa dada.

Chilonwa: Jumamosi ni mnada Msalato, hamtapata mtu. Wekeni Jumapili baada ya ibada, nitakuja. Na huyo wa Dar aitwe.