Mtu akizidiwa na unga (heroini) akafia mikononi mwenu, polisi waliwafanya nini? Tupeane uzoefu

Baba Tabu (mleta uzi)
Wakuu, jana usiku huku Tandika kijana kaokotwa koridoni, sindano bado mkononi. Nyumba nzima ikazima taa. Nikamkumbuka mdogo wangu.

Alifia gheto la rafiki yake Manzese, 2013. Wenzake walitoka nduki. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, kwa kuogopa aibu akafagia chumba, vijiko na sindano akatupa chooni, akambadilisha na shati, ndipo akanipigia. Polisi hawakuanza kuuliza amekufaje. Waliuliza nani kasafisha. Mimi na yule mama tukalala mahabusu siku mbili. Nyumbani kaburi limeshachimbwa, tuzike adhuhuri. Mwili uko mochwari unasubiri daktari aupime, sampuli ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Bi mkubwa alinipigia kwa simu ya askari: "Mmoja mochwari, mmoja lokapu, nianze kwa nani?" Mpaka leo sina jibu.

Kibonde cha Uswazi
Pole mkuu. Hilo la kufagia limeponza wengi.

Dada Nesi
Sikilizeni. Mtu akikoroma vibaya na midomo ikigeuka bluu, mlazeni ubavu, kimbizeni hospitali. Kuna dawa ya naloksoni inazima nguvu ya heroini. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa!

Mzee Kipara
Maziwa yamewaamsha wangapi Kinondoni? Na hospitali wataanza na PF3, ile fomu ya polisi. Polisi kwanza.

Dada Nesi
PF3 haizuii kumhudumia mahututi, inafuata baadaye. Umemwamsha nani wewe kwa maziwa, mtaje.

Mzee Kipara
Marehemu hawatajwi.

Mwanasheria wa Kijiweni
Kifo cha ghafla chenye utata lazima polisi wakichunguze, wala si kwamba wamewaonea. Wanatakiwa kulinda eneo, kuchukua maelezo, kuomba mwili upimwe. Aliyemdunga mwenzake anaweza kushtakiwa kuua bila kukusudia, kifungu cha 195 Kanuni ya Adhabu. Ila Jamhuri ithibitishe kwamba kitendo chake ndicho kilichoua. Kukutwa na kete za unga ni kesi nyingine, ile Sheria ya Dawa za Kulevya ya 2015. Mwenye nyumba akiruhusu huku anajua, naye hana pa kujificha.

Simba wa Mbagala
Aliyemdunga anyongwe tu.

Mwanasheria wa Kijiweni
Kunyongwa ni kwa kuua kwa kukusudia. Soma kwanza.

Simba wa Mbagala
Hujapoteza ndugu, ndiyo maana unasoma.

Boda Mstaafu
Tulieni niwape yangu. 2019, saa nane usiku, jamaa wawili wananiletea mwenzao, eti malaria imempanda kichwani. Tukapanda mshikaki, mgonjwa katikati, mmoja nyuma anamshika. Mwingine akasema anakuja na boda nyingine. Kufika taa za Magomeni, nasimama, yule wa nyuma akaruka chini, akapotelea vichochoroni. Nikabaki na mtu analegea, kichwa kinanigonga mgongoni kila shimo. Nikavua koti, nikamfunga kiunoni kwangu, mkono mmoja usukani, mwingine nimeshika viganja vyake. Vilikuwa vya baridi, ila nikajiambia ni upepo.

Hospitali wakasema hapa hakuna mtu tena. Mlinzi akafunga geti. Asubuhi mimi mtuhumiwa, pikipiki kielelezo. Kilichoniokoa ni muuza kahawa aliyewaona wakimpandisha, akaja kuandika maelezo kwa hiari yake.

Kibonde cha Uswazi
Weeee! Ulimfunga maiti kiunoni?

Mama Zu
Nimesoma huku nimesimama. Walikamatwa?

Boda Mstaafu
Mmoja. Nilikutana naye baadaye, kapona, anakunywa methadoni, ile dawa ya kuachia heroini. Aliniamkia. Nikashindwa kumpiga.

Mzee Kipara
Hapo ndipo ningekimbia. Mtu ukimtelekeza kwenye geti la hospitali unampa nafasi, na wewe uko salama.

Dada Nesi
Na daktari ataambiwa nini, na wewe uko Chalinze? Baki, sema alichotumia.

Baba Tabu (mleta uzi)
Boda, pikipiki ilikaa muda gani?

Boda Mstaafu
Wiki tatu.

Mama Zu
Tajiri akakusamehe hesabu?

Boda Mstaafu
Asamehe nani! Nimelipa mpaka Desemba. Na koti sijarudishiwa.