Mjadala: Datsun 240Z ya 1972, ing'olewe injini au iachwe ilivyo?

Ndugu zangu wapenda magari, naomba tulijadili hili maana limeshaigawa hata barza yetu hapa Mombasa. Marehemu ami yangu aliniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari la michezo la Kijapani. Kila anayeliona gari hunipa kauli moja kati ya mbili: "Liuze, hilo linakula pesa," au "Ng'oa injini hiyo, tia ya Toyota, upumzike." Mimi nazikataa zote mbili, na anayenipinga aje na hoja.

Gari hili halikuundwa liwe pambo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally na 240Z, wa pili akawa Shekhar Mehta, naye na 240Z. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, tena kwa tabu: alilingana na Harry Källström aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, ikabidi iangaliwe nani kaenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Gari lililopita kwenye tope na mashimo yale, leo tunaambiwa ni la mayai?

Udhaifu wake ni bati. Nilipokabidhiwa lilikuwa linang'aa, na gereji iliyolipaka rangi ilimtoza ami pesa nyingi sana. Siku moja nikatoa betri nisafishe chini yake. Bisibisi ikagusa bati, ikazama kama kwenye boflo lililochovywa chai. Nikaanza kugonga kwa kidole: vizingiti vya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, bati la nyuma ya magurudumu ya mbele. Kila mahali mlio butu wa puti, ule udongo wa kuzibia bati kabla ya rangi. Ilipobanduliwa tukakuta unyevu, na kutu ya matabaka kama maganda ya kitunguu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Nilimwonea uchungu ami, kwa sababu alilipia mng'aro huku gari likiliwa kwa ndani, kisha watu wakasema gari ndilo linalokula pesa.

Sasa injini ambayo kila mtu anataka niitupe. Silinda sita kwa mstari mmoja, lita 2.4, kemshafti, ile inayofungua valvu, inazungushwa kwa cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukatika na kupinda valvu. Inachodai ni kurekebishwa nafasi za valvu, 0.20 mm za kuingiza na 0.25 mm za kutolea moshi injini ikiwa baridi, oili kidogo ndani ya kabureta zake mbili, na kabureta zenyewe zisawazishwe. Fundi wangu, mzee wa Changamwe, hutumia kipande cha mpira wa maji. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza mluzi wa hewa, anahamia ya pili, anakaza skrubu kidogo, anarudi ya kwanza. Mpaka miluzi miwili iwe mmoja.

Rafiki yangu akaniuliza: mzee huyo akiondoka, nani atakusikilizia? Swali hilo lilininyima usingizi. Spea nazo zinaagizwa nje, gari linaweza kukaa wiki kadhaa kwa ajili ya gasketi moja, wakati injini ya Toyota ina fundi kila mtaa. Sibishi. Lakini mimi nimempeleka mpwa wangu kwa mzee kila Jumamosi, na tayari anautofautisha mluzi.

Wanaotaja pesa wakumbuke pia kwamba Januari 2020, kwenye mnada wa mtandaoni Marekani, 240Z ya 1971 iliyotunzwa vizuri iliuzwa dola 310,000. Ilipokuwa mpya bei yake haikufika dola 4,000. Langu halitafika huko, na siliuzi. Ila sijui ni nani angetoa fedha hizo kwa gari lililokatwakatwa.

Hata hivyo, nami nimegusa vitu. Umeme wote wa taa za mbele ulikuwa unapitia kwenye swichi bila rilei, yaani swichi ya pembeni ya kubeba umeme mkubwa, na kasha la fyuzi lilishaanza kuyeyuka, nikasikia harufu ya plastiki njiani usiku na familia ndani. Nimetia rilei. Platini, zile zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche, nimezitoa, nimeweka mfumo wa elektroniki. Wapo watakaosema nimeshaharibu asili.

Kwangu mimi, kinachoweza kurudishwa jioni moja kwa spana si uharibifu. Kukata na kuchomelea ili injini ngeni iingie, huo ni uharibifu. Mpaka wenu nyinyi uko wapi? Na hasa namtaka mtu aliyebadilisha injini ya gari la zamani akaishi nalo miaka mitano au zaidi: gharama zilipungua kweli, au zilihamia kwenye giaboksi, breki na kuandikisha upya namba ya injini?