Tupeane uzoefu: gari lako lilipochemsha, chanzo kiligundulikaje?

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe vya magari kuchemsha, na kila mmoja aeleze hasa ni wakati gani joto lilikuwa likipanda, kwa kuwa nimejifunza kwa gharama kubwa kwamba swali hilo linapaswa kutangulia spana.

Gari langu lilikuwa likichemsha kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, mshale ukikaribia alama nyekundu, lakini nikishika njia ya Chalinze na kwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mshale ulishuka na kutulia. Fundi wa kwanza aliondoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, akisema kwamba nchi za joto hazina haja nayo. Wa pili akanibadilishia rejeta yenyewe, inayopoza maji ya injini. Wa tatu aliniambia niwashe injini, niiache ikinguruma gari likiwa limesimama, kisha akachuchumaa mbele ya bampa na kusubiri. Mshale ulipanda, feni haikuzunguka. Alichomoa soketi yake, akaiunganisha feni moja kwa moja na betri kwa nyaya mbili, ikavuma palepale. Mota ilikuwa nzima. Kilichokufa ni rilei, swichi ya umeme inayowasha feni, kitu cha kushikwa kwa vidole viwili, ambayo alipoifungua ndani tulikuta vibati vyake vya kugusana vimeungua na kuwa vyeusi. Gari likikimbia, upepo wa barabarani ulikuwa ukifanya kazi ya feni. Themostati niliirudisha, kwa sababu injini isiyofikia joto lake la kazi hunywa mafuta mengi na kuchakaa mapema.

Mchangiaji wa Iringa:
Kwangu ilikuwa kinyume chake. Mjini gari lilikuwa salama, lakini kila nilipopanda mlima wa Kitonga lilichemsha, na maji yalipungua bila tone lolote kuonekana chini. Tulisafisha rejeta, hali ikabaki ileile. Hatimaye niliutazama mfuniko wa rejeta na kukuta raba yake imekakamaa na kupasuka ukingoni. Mfuniko huo ndio unaoshikilia presha ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100, na huku kwetu kwenye mwinuko, bila presha, huchemka hata kabla ya hapo. Nilinunua mpya wenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu yake, 1.1, na tangu siku hiyo nimepanda Kitonga mara nyingi bila wasiwasi.

Mchangiaji wa Mombasa:
Nawaomba msikimbilie kuamini kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku, ni nzima eti kwa sababu oili ni safi. Yangu ilikuwa safi kabisa, haikuchanganyika na maji na kugeuka rangi ya chai ya maziwa kama tunavyoambiwa siku zote. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilifungua mfuniko wa rejeta, kijana wangu akawasha gari, na mapovu yakaanza kupanda mfululizo bila kukoma. Tulipoufunga, paipu ya juu ya rejeta ilikakamaa kwa muda mfupi sana, wakati maji yalikuwa bado hayajapata hata uvuguvugu. Moshi wa silinda ulikuwa ukiingia kwenye njia ya maji, lakini njia ya oili haikuguswa. Hedi ilipovuliwa na kuwekewa rula ya chuma, mwanga ulipenya chini ya rula katikati, yaani hedi ilikuwa imepinda.

Lililonifikisha huko ni safari ya Kilifi, ambapo paipu ilipasuka njiani, mshale ukapanda, kisha ukashuka ghafla. Nilidhani injini imepoa, nikaendelea kuendesha. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha, na sensa ya joto ilikuwa imebaki ndani ya hewa tupu.

Aliyeanzisha mada:
Ahsante sana, ndugu wa Mombasa. Tafadhali tueleze pia: hedi hiyo ilisagwa ikarudishwa, au ulilazimika kununua nyingine?