Kioo cha PSP ya mtumba kimevuja wino: nitengeneze au niachane nayo?

mkazi_wa_mbagala
Heshima kwenu wakuu. Nimemnunulia mdogo wangu PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, iliyokwishatumika, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, ambaye picha zake zote zilionyesha mashine ikiwa imezimwa, na maelezo yake yalitaja mkwaruzo tu. Ilipofika na kuwashwa, doa jeusi lenye kingo za zambarau lilikuwa limetanda kwenye kona ya chini, na mistari ya wima inakatiza katikati, ingawa plastiki ya juu ni nzima na sauti ya gemu inasikika vizuri. Muuzaji hapokei simu. Fundi simu mmoja wa Kariakoo ananiambia vioo vya PSP ni vilevile, niagize chochote pamoja na tachi yake. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

bisibisi_ya_nyota
Pole sana mkuu. Usiagize kwa maneno hayo. PSP haina tachi kabisa. Ile plastiki ya juu ni kinga tu, na kwa kuwa ni nzima, kilichopasuka ni kioo cha ndani. Soma namba ya modeli: PSP-1000, 2000 na 3000 zote zina kioo cha inchi 4.3 chenye nukta 480 kwa 272, na hapo ndipo watu wanapochanganywa, kwa maana kioo cha moja hakifanyi kazi kwenye nyingine. Tarakimu ya mwisho isikusumbue, kwani inaonyesha eneo mashine ilikouzwa: 3001 na 3004 zinatumia kioo kimoja.

mzee_wa_gemu
Naungana na mkuu hapo juu, ila mimi nisingenunua kioo kabla ya kujua kama vingine vyote ni vizima. Muuzaji aliyeficha kioo anaweza kuwa ameficha na mengine. Ikiwa ni 2000 au 3000, azima waya wa kuunganishia kwenye televisheni, bonyeza kitufe cha mwanga wa kioo kwa sekunde kadhaa mpaka picha ihamie huko, kisha jaribu vitufe vyote na diski. PSP-1000 haina njia hiyo. Halafu toa betri uilaze mezani, ikiyumba, imevimba.

mkazi_wa_mbagala
Ahsanteni sana ndugu zangu. Ni PSP-3004. Kwenye televisheni picha ni safi, diski inasoma na vitufe vinaitika, lakini betri kweli imevimba, na sasa naelewa kwa nini mfuniko wake haukuwa ukikaa sawasawa. Je, nibadilishe kioo mwenyewe?

bisibisi_ya_nyota
Betri hiyo usiitumie tena, usiichaji wala usiitoboe. Tafuta ya volti 3.6 inayoingia kwenye 2000 na 3000, kwa sababu ile nene ya PSP-1000 haitaruhusu mfuniko kufunga. Kuhusu kioo, kazi yenyewe unaiweza ukiwa na bisibisi ndogo ya nyota na utulivu. Toa betri kwanza, kisha skrubu zote, ukikumbuka kwamba kuna iliyojificha chini ya kibandiko kwenye nafasi ya betri, na uzipange mezani kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, maana hazilingani urefu. Ukishaondoa kava la mbele, chomoa ule upau wa vitufe vilivyo chini ya kioo, ndipo ukiinue kioo polepole kutoka chini, kwa kuwa nyuma yake kimeshikwa na fleksi, yaani nyaya bapa nyembamba kama utepe zinazokiunganisha na ubao.

Hapo ndipo mashine nyingi hufia mikononi mwa mafundi wenye haraka. Fleksi haivutwi: kuna kibanio chembamba kama ukucha kinachoinuliwa kwanza, nayo inatoka yenyewe. Kibanio kikivunjika, utahitaji mtu wa kuchomelea soketi mpya kwenye ubao, na gharama yake inaweza kupita ya kioo.

mzee_wa_gemu
Niongeze moja tu. Ukishachomeka kioo kipya, weka betri mpya uwashe kabla ya kufunga skrubu hata moja. Kikiwa cheupe bila picha, mara nyingi fleksi pana haijakaa sawa. Kikiwa cheusi na sauti ipo, angalia ile nyembamba inayopeleka umeme wa taa ya kioo. Karatasi ya kinga ibandue mwisho kabisa, pale kava la mbele linaporudi, la sivyo utacheza ukitazama vumbi.