Msaada: nampimaje mtoto anayejua hesabu lakini swali limemshinda kusoma?

Chaki Nyeupe:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Hisabati na Sayansi darasa la nne, shule ya serikali, watoto tisini na ushee. Mtihani wa mwezi tunaandika ubaoni, karatasi zinasubiri mtihani wa muhula.

Kuna watatu wananiumiza kichwa. Wa kwanza nikimuuliza kwa mdomo, "Mama Asha kanunua trei tatu za mayai, kila trei mayai thelathini, yakavunjika saba, yamebaki mangapi?" anajibu 83 papo hapo. Swali hilohilo likiwa ubaoni anaacha wazi au anaandika 38. "Dawati" kwake ni "bawati". Wa pili haoni vizuri: anainuka, anausogelea ubao, anarudi kuandika, anainuka tena. Muda unaisha yuko swali la nne. Wa tatu ana shida ya kusikia, na maswali ya mwanzo huwa nayataja kwa mdomo.

Nilitaka kuwapima kivyao, mwalimu wa taaluma akasema mtihani ni mmoja kwa wote, mengine ni upendeleo. Nyie mnafanyaje?

Kobe Mzee:
Namuunga mkono wa taaluma. Kwenye upimaji wa kitaifa nani atamsomea swali? Unamdekeza tu.

Mwl Kitengo:
Kobe, taratibu. Nimesomea elimu maalum chuo cha ualimu Patandi na nimesimamia mitihani. Baraza la Mitihani lenyewe lina karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Muda nao unaongezwa: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Huo ni mwongozo, mwonyeshe mwalimu wako wa taaluma. Ila hitaji la mtoto lijulikane mapema, liingie kwenye usajili. Huyo wa macho apelekwe hospitali sasa hivi, pengine ni miwani tu.

Chaki, kabla ya kuandika swali jiulize linapima nini. La mayai linapima kuzidisha na kutoa, kwa hiyo ukimsomea hujampunguzia kitu. Lakini somo likiwa Kiswahili na unapima kusoma, hapo usimsomee hata neno moja, maana utakuwa unajipima wewe.

Mama Wawili:
Mimi ni mzazi tu. Wangu alikuwa hivyohivyo, tukaambiwa mvivu. Asante kwa kumuona huyo mtoto.

Mtoro wa Zamani:
Tisini na ushee, halafu umsomee mmoja mmoja? Labda mshahara wa walimu wawili 😂

Mwl Kitengo:
Mtoro, si wote. Wengine wakiwa wananakili, unamwita pembeni na maswali manne au matano, yaliyobaki atafanya na wenzake.

Wa macho: maswali yake yaandike kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi nyeupe, akae nayo mezani. Usimweke akitazama dirisha, mwanga unamuumiza. Wa masikio: akae mbele upande ambao sikio linasikia, na ukitaja swali simama sehemu moja, umtazame. Sisi walimu tuna tabia ya kusema huku tumeupa mgongo darasa. Ikiwezekana mpe maswali hayo yakiwa yameandikwa.

Sayansi ni rahisi zaidi. Ng'oa mche wa mchicha na mizizi yake, mwambie akuonyeshe sehemu inayofyonza maji.

Kobe Mzee:
Sawa, hilo la muda sikulijua. Lakini wa mayai bado sijajibiwa. Siku ya mtihani atasoma mwenyewe.

Mwl Kitengo:
Hapo una hoja, siikatai. Kumsomea kunakuonyesha tu kwamba hesabu anazo. Kusoma kwenyewe lazima arudishwe kwenye silabi, muda mfupi kila siku, b na d zifundishwe wiki tofauti. Usimchanganye na wasiojua hesabu, atachoka bure.

Chaki Nyeupe:
Nashukuru sana wakuu. Mzazi wa huyo wa macho namwita kesho. Swali moja: alama za mdomo naziweka safu moja na za wenzake, au pembeni?

Mwl Kitengo:
Safu ileile, alama ni zake. Andika "M" ndogo kando, ili mwalimu wa darasa la tano ajue amezipataje.