Wauza rimu, acheni kufunga rimu za 7J (upana wa inchi 7) kwenye Datsun 1200 zilizoshushwa bila kupima!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu analeta pikapu imeshushwa, anafungiwa 13x7J, akilalamika inagusa anaambiwa "weka spesa" (bamba la kusogeza gurudumu nje). Rula hakuna aliyeishika!

Inchi moja ni milimita 25.4. Ukitoka 4.5J kwenda 7J kwa ET ileile (milimita kati ya uso wa kufungia rimu na katikati ya upana wake), upana unaongezeka milimita 63.5: karibu 32 zinaingia ndani, 32 zinatoka nje. Ndani kuna shokapu mbele na springi bapa nyuma, nje kuna mdomo wa madigadi. Zitapita wapi? Na rimu nyingi za gari zinazovuta kwa mbele ni ET35 kwenda juu, zinabana ndani zaidi.

Datsun ni 4x114.3, yaani stadi (boliti za gurudumu) nne kwenye duara la milimita 114.3. Wapo wanaotanua matundu ya 4x100 mpaka stadi ziingie. Huko ni kuua watu! Nati nazo: stadi ni M12x1.25 (unene milimita 12, nafasi kati ya nyuzi 1.25), nati za Toyota ni 1.5. Zinashika mizunguko miwili mitatu, fundi anamalizia kwa mashine, nyuzi zinasagika na gurudumu linachomoka barabarani.

Kinachokaa vizuri ni rimu ya 13x6J na tairi ya 185/60R13. Kipenyo ni milimita 552, na 155/80R12 inayotolewa ni 553, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Ila hapa ndipo mnanyamaza: 155R12C (C ni tairi ya mizigo) yenye namba 88 ubavuni inabeba kilo 560, 185/60R13 yenye 80 inabeba 450. Mbeba mizigo aambiwe kabla hajalipa.

Kupima mbele: toa springi, funga gurudumu, liinue kwa jeki hadi raba ya kugotea, kata usukani wote kushoto na kulia. Kwenye shokapu ibaki angalau milimita 10. Nyuma pima gari ikiwa na mzigo, tena upande mmoja ukiwa juu, maana ekseli hulala. Tupu haigusi, ikibeba mifuko sita ya saruji, mdomo wa madigadi unakwangua bega la tairi, kwanza duara linalong'aa, baadaye nyuzi za tairi nje.

Na mnaoshusha mbele kwa kuchoma springi kwa gesi, acheni! Chuma kinalegea na kinaendelea kushuka. Nyuma ni bloku moja kati ya ekseli na springi kila upande, na yuboliti (boliti za umbo la U) ndefu, msipange mbili juu ya nyingine.

Muuzaji anayepima kwanza ajitokeze hapa, aweke ET na bei.